JE, WAJUA? Wimbo wa Taifa Ulitoka Daftarini

Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya mjini Johannesburg, alikuwa na daftari la nyimbo zake aliloandika kwa mkono. Humo ndimo ilimotoka sauti tunayoimbia Mungu Ibariki Afrika, aliyoitunga mwaka 1897. Walimu wenzake wa kwaya waliazima daftari hilo na kunakili. Sontonga alifariki 1905, daftari likaja kupotea. Wimbo ulipona kwa sababu ulishanakiliwa.

Sontonga aliandika kwa solfa, yaani noti za herufi, ile ile inayotumiwa na kwaya za Bukoba na Muleba, kuanzia Kibeta hadi vigango vya mbali. Ilibuniwa na Sarah Glover wa Norwich, Uingereza. Mchungaji John Curwen akaieneza kuanzia miaka ya 1840, na wamisionari wakaileta Afrika. Haidai kinanda wala karatasi ya mistari mitano. Fungua kaunta buku la mwanakwaya mkongwe: juu pameandikwa "Doh ni G", chini safu nne za d r m f s l t, soprano hadi besi. Nukta mbili hutenga mapigo, kistari huivuta sauti. Maneno hufuata chini, mara Kiswahili, mara Kihaya. Kasoro kubwa ya madaftari haya ni moja: wanakili wengi husahau jina la mtunzi.

Kama babu au bibi yako aliimba kwaya, ulizia kaunta buku lake kabla halijafungiwa karanga. Piga picha kila ukurasa, na jina la mtunzi uliandike.