Jina la Ukoo au Jina la Baba? Mfano wa Kigiriama

Mtafiti atakaye kujua asili ya jina la ukoo katika sehemu za Malindi na Kilifi hana budi kwanza kujiuliza iwapo jina hilo ni la ukoo kweli. Katika desturi ya Wagiriama, jina la pili la mtu ni la baba yake, nalo huunganishwa na la kwanza kwa a-unganifu: tuseme, Katana wa Charo. Kwa kuwa mwana wa kwanza wa kiume hurithi jina la babu yake mzaa baba, mwana wa Katana huitwa Charo wa Katana. Jina la mwisho, basi, hubadilika kila kizazi.

Tutazame jina la shujaa aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza mwaka 1913. Alipozaliwa aliitwa Mnyazi. "Wa Menza" humtaja baba yake. Na Mekatilili ni kiambishi Me-, yaani "mama wa", kilichotangulizwa jina la mwanawe, Katilili. Majina ni matatu, wala hakuna hata moja litajalo ukoo.

Katika shule na vitambulisho, "wa" hiyo mara nyingi hudondoshwa, na jina la baba likaganda kana kwamba ni la ukoo. Matokeo yake si madogo. Wawili wenye jina moja la mwisho huenda wasiwe na nasaba yoyote, ilhali ndugu wa mbari moja, ambao mila huwakataza kuoana, wakawa na majina mbalimbali. Mwenye kutafuta asili yake na aulize mbari. Jina la mwisho litamfikisha kwa baba tu.