Faini Pasipo Kibao: Mama, Usinyamaze

Akina mama wanaoendesha magari wameongezeka sana katika miji yetu ya Nyanda za Juu Kusini. Siku hizi si ajabu kumwona mama akiegesha gari karibu na Soko Kuu la Iringa, au kule Mwanjelwa, Mbeya, akishuka na kikapu mkononi na mtoto mgongoni. Mmoja anawahi kliniki, mwingine anawahi benki kabla haijafungwa. Kisha wapo wanaorudi na kukuta karatasi imebandikwa kwenye kioo, au tairi limefungwa mnyororo. Wakitazama huku na huku hawaoni kibao chochote kinachokataza kuegesha mahali hapo.

Afanye nini mama huyo? Wengi hulipa huku wakinung'unika. Wengine hugombana na kijana aliyetumwa kazi, watu wakajaa kutazama. Wengine humpenyezea "kitu kidogo" mambo yaishe. Njia zote tatu hazifai. Ipo njia ya nne, ambayo akina mama wachache wanaifahamu: kupinga faini hiyo kwa utaratibu na kwa maandishi.

Fedha inayotoka hapo ni fedha ya nyumbani. Ni daftari za watoto, ni sukari, ni nauli ya wiki. Kama kosa ni lako, lipa. Kama si lako, una haki ya kusema.

Kwa nini vibao havionekani?

Sababu ni nyingi. Vibao vingine huibwa na kuuzwa kama vyuma chakavu, ukabaki mlingoti mtupu au shimo tu. Vingine hufunikwa na matawi ya miti, au na meza na miavuli ya wafanyabiashara. Vingine jua na mvua vimevifuta maandishi. Mistari iliyochorwa barabarani nayo hufifia, hasa baada ya masika. Tena mara nyingine kibao kipo, lakini hakielezi kinahusu upande gani wa barabara au kinaishia wapi. Dereva mgeni aliyetoka Tukuyu au Mafinga atajuaje?

Jua kwanza nani amekutoza

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Hupeleka malalamiko mahali pasipohusika, wakazungushwa hadi wakachoka.

Barabara kuu, kama ile ya TANZAM inayopita Mafiati na Mwanjelwa jijini Mbeya, na Ipogolo pale Iringa, zinasimamiwa na TANROADS. Barabara za mitaa ya mjini ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017, ambao pia umekuwa ukikusanya ada za maegesho kwa mfumo wa kielektroniki. Kwa hiyo kibao kikiwa kimeanguka, tazama kwanza uko kwenye barabara ya nani.

Kisha tofautisha karatasi uliyopewa. Ada ya maegesho ni malipo ya kuegesha mahali panaporuhusiwa, na usipoilipa kwa wakati huongezewa faini. Hiyo ni tofauti na notifikesheni ya askari wa usalama barabarani, ambayo ni tuhuma kwamba umevunja Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Kwa miaka mingi faini ya notifikesheni imekuwa shilingi 30,000 kwa kosa moja. Mwaka 2021 Serikali iliipunguza hadi shilingi 10,000 kwa pikipiki na bajaji, lakini magari hayakupata nafuu hiyo.

Jambo la kukumbuka kuhusu notifikesheni ni hili: ukilipa, shauri limekwisha. Asiyekubali kosa ana haki ya kusikilizwa mahakamani. Basi usiharakishe kulipa jambo unalokusudia kulipinga, wala usikae nalo hadi siku zilizoandikwa zipite.

Fanya haya papo hapo

Usiondoke mahali pale kwa hasira. Tumia dakika kumi tu kufanya mambo haya:

1. Piga picha kwa simu. Piga gari lilivyosimama, kisha rudi nyuma hatua kadhaa upige barabara nzima, upande wa kulia na wa kushoto. Kama kibao kipo lakini kimefichwa na tawi, piga picha kutoka pale anapokaa dereva, ili ionekane kwamba huwezi kukiona.

2. Andika tarehe, saa, jina la mtaa, na duka au jengo lililo karibu.

3. Waulize wenye maduka ya jirani kama kibao kiliwahi kuwepo na kiliondoka lini. Omba jina na namba ya simu ya anayekubali kuwa shahidi wako.

4. Tunza karatasi uliyopewa. Kama ni ujumbe wa simu, usiufute.

5. Muulize aliyekutoza, kwa upole, jina lake na ofisi yake. Kijana huyo ametumwa tu, na faini haifutwi kwa kumtukana.

Kama tairi limefungwa na unalihitaji gari, pengine itakubidi ulipe kwanza. Lipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, udai risiti, na useme wazi mbele ya shahidi kwamba utaandika pingamizi. Usikabidhi fedha mkononi bila risiti.

Barua iwe fupi

Akina mama wengi huogopa kuandika barua za ofisini wakidhani zinahitaji mwanasheria. Sivyo. Barua ya ukurasa mmoja inatosha. Mfano wake ni huu:

"YAH: PINGAMIZI LA FAINI YA MAEGESHO. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mmiliki wa gari lenye namba (andika namba). Tarehe (itaje), saa (itaje), niliegesha gari langu mtaa wa (utaje), mbele ya (taja jengo). Nilitozwa faini yenye kumbukumbu namba (itaje). Mahali hapo hapakuwa na kibao wala mstari unaoonyesha kwamba hairuhusiwi kuegesha. Naambatanisha picha tatu na jina la shahidi mmoja. Naomba faini hii ifutwe, na kibao kiwekwe ili wengine wasipate usumbufu kama huu. Naomba kujibiwa kwa maandishi."

Toa nakala. Peleka barua mwenyewe kwa meneja wa ofisi inayohusika, au kwa mkuu wa kikosi cha usalama barabarani kama ni notifikesheni. Omba nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe. Muhuri huo ni ushahidi kwamba hukukaa kimya, na bila huo barua ikipotea huna la kusema.

Andika kweli tupu. Kama kibao kilikuwepo nawe ulikiona, usiseme hakikuwepo. Kama ulisimama njia panda au ukaziba mlango wa hospitali, kukosekana kwa kibao hakutakutetea, maana sehemu hizo dereva yeyote anatakiwa kujua.

Wakikataa, je?

Katiba ya nchi yetu, ibara ya 13(6), inatoa haki ya mtu kusikilizwa kwa ukamilifu, na haki ya kukata rufani, pale mahakama au chombo kingine kinapoamua juu ya haki na wajibu wake. Basi ofisi ya kwanza ikikataa, panda hadi ya mkoa. Kwa notifikesheni, unaweza kujitetea mbele ya hakimu. Usiogope lugha, kwa sababu tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu. Yupo pia msaidizi wa kisheria anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii iliyo karibu nawe.

Kama unaona ofisi ya umma imekuonea na haikujibu kabisa, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko ya wananchi.

Wenzetu wa Uingereza wamelizoea jambo hili. Dereva anayedai kwamba alama hazikuwa wazi huandikia kwanza halmashauri iliyomtoza, na ikikataa, hupeleka rufaa kwenye baraza huru bila kulipa ada. Wala hahesabiwi kuwa mkaidi.

Hatari ya "kitu kidogo"

Mama mmoja atasema, "Kuandika barua ni usumbufu, nikitoa elfu tano naondoka." Elfu tano hiyo haina risiti. Kesho atakukuta pale pale na kukudai tena, na kibao hakitawekwa kamwe, kwa sababu kukosekana kwake kumekuwa mradi wa mtu. Tena kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, anayetoa na anayepokea wote wana hatia. Ukidaiwa rushwa, piga simu TAKUKURU namba 113. Haitozwi malipo.

Kumbuka pia kwamba watoto wako kiti cha nyuma wanatazama. Wakiona mama anapenyeza noti dirishani, wamejifunza. Wakiona mama anauliza kwa adabu, anapiga picha, na jioni anakaa mezani kuandika barua, hilo nalo wamejifunza, na hawatalisahau wakiwa wakubwa.

Mama mwenzangu, usingoje utozwe faini. Ukipita mtaani kwenu ukaona mlingoti usio na kibao, taarifu ofisi ya mtaa au mweleze diwani katika mkutano. Kibao kimoja kikirudishwa, wanawake wengi wasiokujua wataegesha kwa amani na kurudi nyumbani na fedha yao.