Yoga: Usiumize goti kwa kumwiga jirani

Je, umewahi kujikuta katika hali hii? Umeketi kwenye mkeka katika darasa la yoga, umetoka kazini umechoka, na mwenzako aliye mbele amekunja miguu yote miwili, kila wayo umetulia juu ya paja la upande wa pili. Goti lako wewe limebaki juu hewani. Unalishika kwa mkono na kulisukuma chini kwa nguvu.

Hapo ndipo watu wengi huumia. Goti hufanya kazi kama bawaba ya mlango: hukunjika na kunyooka, lakini halijipindi sana kwa upande. Katika mkao huo, unaoitwa yungiyungi, mzunguko hutakiwa utoke kwenye nyonga. Nyonga ikikataa, nguvu unayotumia haipotei bali huishia gotini, ikabana gegedu na kuvuta kano. Gegedu hiyo ikichanika huchelewa kupona, kwa kuwa sehemu yake kubwa haifikiwi na damu.

Mara nyingine nyonga hukataa kwa sababu misuli imekazika kwa kuketi ofisini na katika matatu kutwa. Hiyo hulegea, ila kwa miezi. Mara nyingine sababu ni mifupa yenyewe. Tundu la nyonga halifanani kwa watu wote, na mfupa ukishagota kwenye mfupa, hakuna bidii itakayousogeza. Huo si uvivu wala uzee. Ndivyo ulivyoumbwa.

Ajabu ni kwamba yoga yenyewe ilitahadharisha kuhusu jambo hili tangu kale. Katika Yoga Sutra, mafunzo ya India yanayohusishwa na Patanjali, njia ya yoga ina hatua nane, na mikao ya mwili ni ya tatu tu. Hatua ya kwanza ni maadili, na la kwanza kati ya hayo ni ahimsa, yaani kutodhuru. Tukisikia hivyo huwafikiria wanyama na majirani, tukasahau kwamba mwili wetu nao umo. La pili ni satya, ukweli, na ukweli huanza pale unapokiri kwamba leo goti linauma. Katika hatua ya pili kuna santosha, kuridhika na ulicho nacho. Kuhusu mikao, mafunzo hayo hayasemi mengi. Yanataka tu iwe thabiti na yenye raha.

Basi kalia blanketi lililokunjwa ili nyonga ziinuke, kisha kunja miguu kwa kawaida tu. Ukihisi msuli ukivutika katikati, si neno. Lakini ukihisi maumivu makali ndani ya kiungo, au ganzi, acha papo hapo, hata kama mwalimu anakuhimiza uendelee. Kadhalika, mwenye shinikizo la juu la damu, glakoma au tatizo la shingo asisimame kwa kichwa bila ruhusa ya daktari.

Mweleze mwalimu hali yako kabla ya darasa kuanza, na umwambie kama hutaki akusukume. Goti likivimba, au likikwama lisinyooke, usilikande nyumbani ukingoja lipoe lenyewe. Nenda ukamwone daktari.