Kibofu cha Mtoto Hupimwa Bila Maumivu

Mzazi wa Kitendaguro, mjini Bukoba, ambaye mtoto wake mwenye mtindio wa ubongo angali akijikojolea akiwa na umri wa miaka sita, asiharakishe kumwita mkaidi. Ubongo ndio unaokiamuru kibofu kutunza mkojo na kuuachia kwa wakati wake; ukiwa na hitilafu, amri hizo huweza kuvurugika. Hata hivyo, tumaini lipo. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba asilimia 54 ya watoto waliopooza viungo vyote vinne walikuwa wamekwisha kujizuia walipofikia umri huo.

Wazazi wengine huogopa kwenda hospitali wakidhani ni lazima mtoto atiwe mpira. Sivyo. Upimaji huanzia nyumbani: kwa siku mbili, mzazi huandika daftarini kiasi cha maji anayokunywa mtoto, na kuukinga mkojo wake katika jagi lenye alama. Kwa kawaida, kibofu cha mtoto wa miaka sita hukadiriwa kuchukua mililita 210. Hospitalini, kipimo cha ultrasaundi huonyesha, bila kumwumiza, mkojo uliosalia baada ya kukojoa. Mkojo unaosalia mara kwa mara huweza kuleta maambukizo na hata kudhuru figo.

Aidha, si vema kumnyima mtoto maji ili asilowe. Kiu huleta choo kigumu, nacho hukibana kibofu. Mtoto na anywe. Daftari na lifike kwa daktari.