Ndani ya Kompyuta (Sehemu ya 4): Ukurasa Uliopigwa Pini

Katika sehemu ya tatu tuliona namna kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, inavyoidanganya kila programu. Programu hudhani ina kumbukumbu yake peke yake, imenyooka tangu mwanzo hadi mwisho, kumbe inachokishika ni anwani pepe tu. Mfano wetu ulikuwa sanduku la posta: leo unaishi Temeke, mwakani umehamia Tegeta, S.L.P. yako ni ileile na barua hazipotei. Kerneli ndiyo posta yenyewe. Ina uhuru wa kuuhamisha ukurasa wa baiti 4096 kutoka pembe moja ya RAM hadi nyingine, au kuupeleka diskini kwa muda, na programu isishtuke.

Leo tunamtazama asiyetumia sanduku la posta.

Kadi ya mtandao, diski na kadi ya michoro haviipitishi data mikononi mwa prosesa baiti kwa baiti. Hupewa anwani halisi ya RAM na kuandika humo moja kwa moja. Wataalamu wanauita utaratibu huo DMA. Kifaa cha namna hii ni kama dereva wa lori la mchanga. Ameambiwa kiwanja ni kile chenye mwembe, basi atashusha pale pale. Kama jioni ile mwenye kiwanja amehama na ameshaingia mwingine, mchanga utamwagwa mlangoni kwa mtu asiyejenga. Dereva hana kosa, amefika alikoelekezwa.

Ndani ya kompyuta huyo "mwingine" anaweza kuwa programu ya benki, au kerneli yenyewe. Na mchanga wa aina hii hauonekani asubuhi yake. Utauona baada ya wiki mbili, faili moja likigoma kufunguka na kila mtu akiilaumu diski.

Kwa hiyo, kabla lori halijaondoka, kerneli hutoa ahadi: ukurasa huu hauhami wala hauendi diskini mpaka mchanga ushuke. Ahadi hiyo tutaiita kupiga pini. Wasomaji wa kurasa za michezo wanalijua neno hili vizuri, maana mchezaji aliyepigwa pini kwa mkataba hang'oki.

Hitaji lenyewe ni la zamani kama kurasa zenyewe. Atlas, kompyuta ya Chuo Kikuu cha Manchester iliyozinduliwa Desemba 1962 chini ya uongozi wa Tom Kilburn, ilikuwa na kurasa za maneno 512, na kumbukumbu yake kuu ilibeba kurasa 32 tu. Nyingine zilikaa kwenye ngoma ya sumaku iliyokuwa ikizunguka. Wabunifu wake waliona mapema kwamba data ikiwa safarini kati ya ngoma na kumbukumbu, programu inaweza kuuvamia ukurasa ambao bado haujakamilika. Wakaupa kila ukurasa alama ya kufuli. Ikiwekwa, programu haigusi.

Hapa niwaonye wanafunzi, kwa sababu hili huwachanganya wengi. Linux ina agizo liitwalo mlock, na vitabu vingi husema "linaufungia ukurasa kwenye RAM". Kweli linaufungia, ila usiende diskini tu. Ndani ya RAM kerneli bado inaweza kuusogeza inapopanga nafasi zake. Programu inayoficha nenosiri inatoshwa na mlock. Dereva wa lori hatoshwi, kwa kuwa kwake kuhama nyumba ya pili ni sawa na kuhama mkoa.

Sasa twende kwenye hesabu, maana utamu wa jambo hili uko humo.

Kwenye Linux kila ukurasa wa RAM una rekodi yake, kwa kawaida ya baiti 64. Kompyuta yenye GB 16 ina kurasa zaidi ya milioni 4, hivyo ukiongeza baiti 8 tu katika kila rekodi umekula MB 32. Ndiyo maana wasimamizi wa kerneli huilinda rekodi hiyo kwa ubahili wa mwenye duka la rejareja. Ndani yake mna hesabu ya wanaoushikilia ukurasa: anayeushika anaongeza 1, anayeuachia anapunguza 1, na ikifika 0 ukurasa unarudi ghalani kugawiwa wengine. Kwa miaka mingi hesabu hiyo ilijibu swali la "wangapi" na kunyamaza kwenye "kwa nini". Ukikuta 3, huwezi kujua kama ni programu tatu zinazosoma, au mbili pamoja na lori moja lililo njiani.

Mwaka 2020 John Hubbard, mhandisi wa NVIDIA, alileta dawa isiyohitaji hata baiti moja ya ziada. Anayeushika ukurasa kwa kawaida aendelee kuongeza 1, lakini anayepiga pini kwa ajili ya kifaa aongeze 1024. Ukurasa wenye mwenyewe mmoja unasoma 1. Ukipigwa pini unasoma 1025. Kifaa cha pili kikija, 2049. Anayetaka kujua kama kuna lori njiani anauliza tu: hesabu imefika 1024? Agizo la kupiga pini liliingia katika toleo la 5.6, na hesabu hii ikafuata katika toleo la 5.7, mwaka uleule.

Mwenye jicho kali atauliza: je, ukurasa ulioshikwa na watumiaji 1024 wa kawaida? Utaonekana umepigwa pini ilhali haujapigwa. Hubbard hakuficha hilo. Kerneli inauliza swali lake kwa kutumia page_maybe_dma_pinned, na neno "labda" limo ndani ya jina. Naona huo ni uungwana adimu katika ufundi wa programu. Tena kosa limeelekezwa upande usioumiza: kerneli inaweza kuuogopa ukurasa usiostahili kuogopwa, lakini haiwezi kuudhania huru ukurasa ambao lori lake liko njiani.

Masharti yake ni kwamba aliyeingia kwa mlango mmoja atokee mlango huohuo. Mwandishi wa draiva, yaani programu inayokiendesha kifaa, akipiga pini kwa pin_user_pages, kisha akauachia ukurasa kwa put_page, agizo la watu wa kawaida, amepunguza 1 mahali pa 1024. Kutoka 1025 tunafika 1024. Mwenye ukurasa akifunga programu yake zinabaki 1023, zote hazina mwenyewe, na ukurasa hautarudi ghalani mpaka kompyuta izimwe. Agizo sahihi ni unpin_user_pages.

Kujua "kwa nini" kulifungua mlango wa kutibu ugonjwa mwingine mkongwe. Programu ikizaa programu mtoto, kerneli haimnakilii mtoto kumbukumbu yote ya mzazi papo hapo. Wote wawili huoneshwa kurasa zilezile, zikiwa za kusomwa tu, na wa kwanza kutaka kuandika ndiye hupewa nakala mpya. Sasa mzazi awe amekwisha kuagiza data kutoka kwenye kadi ya mtandao, ukurasa umepigwa pini, halafu azae, kisha yeye ndiye awe wa kwanza kuandika. Atapewa nakala mpya, na ukurasa wa asili utabaki kwa mtoto. Kadi haina habari, inaendelea kumwaga kwenye ukurasa wa asili. Mzazi anasubiri data ambayo haitafika, na mtoto ambaye hakuagiza kitu anakuta mchanga mlangoni. Mwaka huo huo wa 2020 Peter Xu wa Red Hat aliliziba hilo: ukurasa ukionekana umepigwa pini, mtoto anapewa nakala yake papo hapo wakati wa kuzaliwa, na wa asili haumwachi mzazi.

Upande wa pili wa shilingi ulioneshwa na Jann Horn wa Google Project Zero. Mtoto aliweza kuushika ukurasa wa pamoja kwa kuupenyeza kwenye bomba la data, kisha akajiondoa kana kwamba ameondoka kabisa. Kerneli ikaona mkazi amebaki mmoja, ikamruhusu mzazi kuandika papo hapo bila nakala, na mtoto akasoma siri za mzazi kupitia bombani. Kasoro hiyo imesajiliwa kwa namba CVE-2020-29374. Tiba ya kina ilikuja na toleo la 5.19 mwaka 2022, kazi ya David Hildenbrand: ukurasa binafsi wa programu haupigwi pini mpaka ithibitike una mwenyewe mmoja tu.

Kurasa za mafaili zina balaa lake, nitaligusa kwa ufupi. Mfumo wa mafaili hutegemea kujulishwa kila ukurasa unapoandikwa. Kifaa hakimjulishi mtu. Jan Kara wa SUSE alieleza kwa miaka kadhaa namna hali hiyo inavyoweza kuiangusha kerneli, na mwaka 2023, toleo la 6.5, Linux ikaanza kuzikataa pini za muda mrefu zenye nia ya kuandika kwenye mafaili ya aina hiyo. Kwa maoni yangu ilichelewa.

Kuna na gharama ya kawaida kabisa: ukurasa uliopigwa pini haumsaidii mwingine hata RAM ikiisha. Ndiyo maana kuna kikomo. Kilikuwa KB 64 kwa muda mrefu, na tangu toleo la 5.16 ni MB 8, sawa na kurasa 2048. Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja ambako programu ya kuhifadhi nakala iligoma kuwaka ikidai imekosa kumbukumbu, na huku nusu ya RAM iko wazi. Ilikuwa imegonga kikomo hicho. Fundi wa ofisi alikiondoa chote, akaandika "bila kikomo", tukanywa chai. Miezi miwili baadaye niliitwa tena. Seva ilikuwa imeganda, kwa sababu programu ileile ilipiga pini kila usiku na haikuwa inazing'oa. Kikomo kile tulichokiona kero ndicho kilichokuwa kikitupigia kelele mapema.

Ukiwa na kompyuta ya Linux, usiniamini kwa maneno tu. Andika ulimit -l. Ikijibu 8192, hizo ni kilobaiti, yaani MB 8 tulizozitaja. Kisha andika grep foll_pin /proc/vmstat. Utapata namba mbili, ya kwanza ni pini zilizopigwa tangu kompyuta iwashwe, ya pili ni zilizong'olewa. Kama hakuna kazi inayoshikilia kurasa kwa muda mrefu, zinapaswa kulingana. Zikiachana, na pengo likawa linakua siku hadi siku, katika mashine yako kuna draiva inayopiga pini na kusahau.