Limau Halikati Kitambi

"Daktari, nikishakula usiku nikanywa maji ya moto yenye limau, si mafuta yatakatika?" Mimi ni mtu wa lishe, si daktari, ila jina hilo nimeshalizoea. Kilichonichosha ni swali. Anauliza mama aliyetoka kukaanga samaki kisha akawatia kwenye tui zito la nazi, anauliza baba anayeshushia ugali kwa soda, na siku hizi wanauliza hata vijana wasio na kitambi cha kukatwa.

Tulimalize leo. Limau hukata shombo ya samaki na kung'arisha sufuria, basi watu wakadhani tumbo nalo ni sufuria. Mafuta ya kitambi hayaelei tumboni yakisubiri kumwagiwa maji. Yamehifadhiwa ndani ya seli, chini ya ngozi na kuzunguka viungo vya ndani, na maji ya limau hayafiki huko yakiwa maji ya limau. Kama ni ukali, tumbo hutengeneza asidi yake lenyewe, kali kuliko ya limau. Ingekuwa asidi ndiyo inayoyeyusha kitambi, nani angekuwa nacho? Mafuta unayokula humeng'enywa kwenye utumbo mwembamba kwa msaada wa nyongo na vimeng'enya vya kongosho, kisha mwili huyapokea kwa mikono miwili. Usipoyatumia, huyaweka akiba.

"Mbona fulani alipungua?" Alipungua kwa sababu aliacha chai ya usiku yenye vijiko vitatu vya sukari, akanywa limau badala yake. Sifa ni za sukari iliyoachwa. Wengine wanachoambulia ni kiungulia usiku wa manane, na meno yanayolika taratibu kwa asidi.

Cha kuulizwa ni chupa ya mafuta ya kupikia. Gramu 1 ya mafuta ina kalori 9. Ya wanga ina 4. Lita 1 ya mafuta ina kalori zaidi ya 8,000. Familia ya watu wanne ikiimaliza kwa wiki moja, kila mmoja amekula karibu kalori 300 za mafuta peke yake kwa siku, hata ugali hajaumega. Halafu anayesingiziwa ni ugali!

Limau lina kazi yake mezani. Vitamini C iliyomo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma ya maharage na mchicha, kwa hiyo likamulie sahanini, chakula kikishaepuliwa. Na ile chai ya rangi inayoletwa pamoja na wali hufanya kinyume chake: inazuia madini hayo hayo. Inywe saa moja baadaye, tafadhali.

Haya, mpango wa wiki, maana najua mnarudi nyumbani mmechoka. Jumapili chemsha sufuria nzima ya maharage yaliyolowekwa tangu jana yake, yagawe mafungu, yaweke friza. Jumatatu ugali, maharage na mchicha. Jumanne dagaa wa kuunga kwa nyanya na vitunguu. Wanaliwa na mifupa yao, na humo ndimo kalsiamu ilimo. Jumatano viazi vitamu vya kuchemsha, mayai na kachumbari. Alhamisi wali na choroko, ambazo zinaiva upesi kuliko maharage. Ijumaa ndizi na samaki katika sufuria moja, na ya kuosha ni hiyo hiyo moja. Huna friza? Egemea choroko, dagaa na mayai. Nusu ya sahani iwe mboga na kachumbari, robo wanga, robo samaki, mayai au jamii ya kunde. Watoto wapakuliwe kitoweo kwanza, baba atavumilia. Mafuta pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye chupa: vijiko viwili vya chakula vinatosha sufuria ya watu wanne.

Na siku unapofungua chupa mpya ya mafuta, andika tarehe kwenye lebo. Ukija kuniuliza habari za kitambi, njoo na tarehe hiyo.