Kibao cha mgombea mbele ya nyumba yako

Leo tunazungumza na ninyi mliohamia Marekani kutoka Nyarugusu, Nakivale na kambi nyingine. Nanyi ndugu zao mliobaki huku, sikilizeni, mpate kuwaeleza mkiongea nao kwa simu.

Uchaguzi umekaribia. Unaona vibao vimechomekwa kwenye majani mbele ya nyumba za majirani, kila kimoja kina jina la mgombea. Siku moja kijana anabisha hodi, anakuletea kimoja bure, anaomba ukiweke kwako. Kwa mtu aliyetoka mahali ambapo picha ya mgombea ukutani inaweza kukuletea watu usiku, moyo hushtuka kwanza. Je, sheria inasemaje?

Mwaka 1990, vita vya Ghuba vikikaribia, Margaret Gilleo wa mji wa Ladue, jimbo la Missouri, alichomeka mbele ya nyumba yake kibao cha kupinga vita. Kikatoweka. Akaweka kingine, kikaangushwa. Alipotoa taarifa polisi, akaambiwa kuwa vibao vya namna ile vimekatazwa mjini! Mji ulikataza karibu vibao vyote ili mitaa ipendeze. Akaushtaki. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji wote 9 wakikubaliana, ikampa haki: mji usimnyime mtu njia hii rahisi ya kutoa mawazo yake akiwa nyumbani kwake.

Hata hivyo, mji unaweza kuweka kanuni za ukubwa wa kibao na umbali wake kutoka barabarani. Wengi hukosea kwenye ule ukanda wa majani kati ya njia ya waenda kwa miguu na barabara. Wewe ndiwe unayeyakata majani yale, lakini mara nyingi pale ni eneo la mji, na kibao kitaondolewa. Weka chako karibu na nyumba. Usikipigilie kwenye nguzo ya umeme.

Sasa jambo linalowagusa wengi wenu, kwa sababu mnapanga. Uamuzi ule wa mahakama unaizuia serikali. Haumzuii mwenye nyumba. Soma mkataba wako, au umwombe mtu akusomee. Ukisema hakuna vibao nje wala dirishani, ukiweka unaweza kuwa umevunja mkataba, na nyumba ni ya thamani kuliko kibao. Aliyenunua nyumba naye aangalie kama mtaa wake una chama cha wenye nyumba chenye masharti yake. Majimbo mengine yanawabana vyama hivyo: Texas, kwa mfano, haviruhusiwi kukataza kibao cha mgombea kuanzia siku 90 kabla ya uchaguzi, ingawa vinaweza kutaka kiwe kimoja tu kwa kila mgombea.

Na wewe ambaye bado si raia? Uhuru wa kusema unakulinda pia. Lakini hapa sikiliza vizuri. Kibao ni maneno. Kura ni ya raia. Kijana yule akitoa fomu ya kujiandikisha kupiga kura, usitie sahihi, hata akikuambia haina shida. Kudai kuwa wewe ni raia wakati bado kunaweza kukufungia njia ya uraia, na hata kukufukuzisha nchini. Tena kama hujapata kadi ya ukaaji wa kudumu, usichangie pesa za kampeni, hata kidogo.

Kibao cha jirani usiking'oe, hata kama jina lililoandikwa linakukera. Ni mali yake. Chako kikiibwa, piga picha pale kilipokuwa na utoe taarifa polisi.

Na kama hutaki kibao chochote, mwambie kijana "hapana, asante". Si lazima umweleze kwa nini.